Nyumba ya Chini, Karibu na Mfereji

Delft, Uholanzi
9 Februari 2025

Shangazi yangu, Waya Rispa,

Nakusalimu upesi kabla vidole havijaganda. Huku jua linatoka kama mtu aliyelazimishwa, na likishatoka halipashi kitu. Mimi ni mzima, ingawa masomo yananibana. Okinyi aliniambia umehamia Ziwani kwa rafiki yako wa kanisani mkingoja nyumba zetu ziishe, na kwamba tayari umempangia jiko lake upya bila kuombwa. Nilicheka peke yangu kwenye treni hadi mama mmoja akahama kiti. Ndugu yangu huyo anakula wapi siku hizi? Bado kwako?

Nimekubali tuandikiane kwa karatasi ulivyotaka. Sababu naijua. Kwetu mtu akiongea na simu, jirani ndiye anayejibu.

Niambie mjengo umefika wapi. Nikifumba macho naiona ile siku uwanjani Reli Ndogo, wanachama wote wa ushirika wameizunguka nyumba yangu ya katoni, mfano wa jengo nililowachorea, kila mmoja na kifungo cha nguo mkononi, nikawaambia mtu aweke kifungo chake pale anapotamani kukaa. Watu wazima walisukumana! Mama Kweyu peke yake hakumsukuma mtu. Alikaa kwenye kiti chake, akaninyooshea kifungo chekundu cha sweta, akasema, "Mimi niwekee chini hapo, karibu na mfereji wa kuteka maji, nione nani anaingia na nani anatoka. Hii miguu yangu ilishastaafu." Nikakibandika kwa gundi mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Hapo ndipo kwako, Mama."

Ramani imebadilika kidogo kwa sababu vyuma vimepanda bei. Si jambo kubwa. Makokha anayesimamia mjengo anajua. Usiwatie watu wasiwasi.

Mama Kweyu yuko wapi siku hizi? Msalimie sana. Au ngoja, usimsalimie bado. Nitamwandikia mwenyewe.

Mtoto wako,
Celine Awuor


Ziwani, Nairobi
23 Machi 2025

Celine nyathina, mtoto wa ndugu yangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, sijui ilipitia mtoni. Sisi hatujambo. Okinyi huja Jumapili akiwa na njaa na huondoka akiwa ameshiba, na hiyo ndiyo habari yake yote. Rafiki yangu amenisamehe mambo ya jikoni. Sasa anajua chumvi inakaa wapi.

Nilipita mjengo juzi. Yale matofali ya udongo uliyoyapigania, yale watu walisema yatayeyuka mvua ikinyesha, yamenyeshewa wiki nzima na hayajayeyuka. Nimeingia ndani mchana wa jua kali na kulikuwa na ubaridi wa kupendeza. Tangi la maji ya mvua limeshafika. Jiko la pamoja limeezekwa, na nimeshachagua kona yangu, kwa hivyo mwingine asijisumbue. Nilijisikia vizuri. Nilimwambia hata askari wa geti, "Hii ni kazi ya mtoto wetu."

Lakini Celine, mteremko uko wapi? Ule wa kuzunguka kutoka chini hadi juu, uliosema hata mtu wa kiti cha magurudumu ataupanda akaanike nguo na wenzake. Nimezunguka lile jengo kama mtu aliyepoteza kuku. Nimeona ngazi tu. Na pale chini, mahali pa nyumba za wazee, nimeona milango mipana ya mabati kama ya maduka. Nikamuuliza Makokha. Akasema, "Mama, mimi najenga vile imechorwa. Muulize mwenye ramani." Basi nakuuliza.

Mama Kweyu yuko Buruburu kwa mtoto wake. Kweyu anamtunza vizuri, siwezi kumsema. Lakini ile nyumba vyumba vyake vya kulala viko juu, kwa hivyo mama amewekewa kitanda sebuleni nyuma ya kochi, na wageni wakija anajifanya amelala ili wasimwonee haya. Kila nikienda ananiuliza swali lile lile: "Rispa, mlango wangu umefika wapi?" Nilimwambia wanapaka rangi. Sikujua niseme nini kingine. Huyu ni jirani yangu tangu nikiwa bibi harusi, na wewe alikubeba mgongoni mama yako akiwa zamu hospitalini. Mimi sipendi kumdanganya.

Nijibu upesi.

Waya wako,
Rispa


Delft
4 Mei 2025

Waya mpendwa,

Uliniomba nijibu upesi na sikuweza. Barua yako imekaa mezani kwangu siku nyingi, nimekuwa nikiifunika na vitabu. Natumai mvua za Aprili hazikuwasumbua huko Ziwani. Mwambie Okinyi namsalimu, na siku moja aje na unga mkononi.

Mteremko niliuondoa mimi. Si Makokha wala kamati. Ulikuwa unakula nafasi kila orofa, na vyuma vilipopanda hesabu haikukubali tena. Tungeongeza michango, nusu ya wanachama wangeshindwa, wangeuza nafasi zao, na baada ya muda mfupi Reli Ndogo ingekuwa ya watu tusiowajua. Kwa hivyo niliondoa mteremko, nikaweka maduka chini ili kodi yake igharamie jiko na maji. Hapo kila kitu kikakaa sawa. Nilipoonyesha kazi hiyo hapa chuoni, mwalimu alisema ni suluhisho safi kabisa. Darasa likanipigia makofi, Waya. Nilipigiwa makofi kwa kumwondolea Mama Kweyu mlango wake.

Imebaki nyumba moja tu chini, upande wa mfereji. Hiyo niliikatalia isifanywe duka. Nimeiandikia kamati isiingie kwenye kura, apewe mtu asiyeweza kupanda ngazi. Sikutaja jina. Niliona nikitaja jina watasema napendelea, na kamati yenyewe inawajua watu wake. Nawe pia, Waya, miaka inasonga. Yale magoti yako bado yanakusumbua wakati wa baridi?

Tafadhali mweleze Mama Kweyu habari ya mteremko. Wewe unajua kuongea naye. Mimi nimeanza kumwandikia mara kadhaa, nafika kwenye "Hujambo Mama" nabaki hapo.

Celine


Reli Ndogo, Nairobi
20 Julai 2025

Celine mpendwa,

Ona juu hapo, anwani imebadilika! Tumerudi. Mungu ni mwema na nyumba ni nzuri. Okinyi amebeba kabati langu peke yake na tangu hapo hazungumzi habari nyingine. Mke wa mchungaji amejifungua mapacha. Yule paka wa zamani wa uwanjani amerudi pia, sijui nani alimwambia.

Kura tulipiga kwenye ukumbi wa kanisa. Waliandika namba za nyumba kwenye vifuniko vya soda, wakavitia ndani ya ile sufuria kubwa ya ugali wa harambee, kila mtu akaingiza mkono huku macho ameyafumba. Javan fundi wa viatu alipata orofa ya tatu akaruka kama aliyefunga bao. Mwanzia alipata nyumba inayotazama reli na akasema amezoea kelele, mke wake ni wa kwaya. Wasioweza kufika walichotewa na majirani zao, tunavyofanya siku zote kwenye chama chetu, na hakuna aliyelalamika.

Jiko la pamoja limekuwa kama ulivyosema. Jioni tunachambua maharagwe pamoja, anayepika githeri anampikia na jirani aliyechelewa kazini. Taa za sola zinawaka. Watu wanakutaja kwa jina lako lote.

Nyumba yangu inanitosha. Asubuhi naamshwa na mitungi ikigongana, nanyoosha mkono kufungua dirisha na tayari nimejua habari za mtaa mzima. Nimeweka ile nyumba yako ya katoni juu ya kabati.

Mama Kweyu anakusalimu. Magoti yangu hayajambo sana.

Rispa


Delft
31 Agosti 2025

Waya,

Nakusalimu wewe na Okinyi na mapacha wa mchungaji. Mimi ni mzima wa mwili.

Kweyu alinipigia simu. Alikuwa na heshima kama kawaida yake, akaniuliza habari za baridi, akaniuliza masomo. Kisha akasema, "Celine, si unajua mathe hawezi hizo stairs? Tumepewa fourth floor. Nilidhani ni mistake, nikasema wacha nikuulize kwanza kabla nisumbue kamati." Nilimwambia nitaangalia. Ilikuwa wiki kadhaa zilizopita. Sijaangalia kitu, Waya. Nitaangalia nini? Lile jengo nalijua nikiwa nimelala.

Nimesoma barua yako tena na tena. Umeniambia nyumba ya Javan, ya Mwanzia, hata ya paka. Yako hukuitaja. Lakini unasema mitungi inakuamsha. Mfereji ni mmoja, na kuna dirisha moja tu la chumba cha kulala lililo karibu nao. Nililichora mimi, kwa sababu ya kifungo chekundu.

Sitaki kukuuliza kama mtoto anayemhoji mzazi. Uliniosha miguu nikienda shule, siwezi kusahau. Lakini niandikie ni nani aliyepewa ile nyumba, na alipewaje. Nikisikia kwa mtu mwingine itaniuma zaidi.

Celine


Reli Ndogo
2 Novemba 2025

Celine,

Nimekuweka ukingoja. Nilitaka kusema posta ilifunga lakini haikufunga.

Siku ya kura, mwenyekiti aliposoma maneno yako, aliinua kichwa akauliza, "Nani hapa hawezi ngazi?" Mama Kweyu hakuwapo, alikuwa Buruburu nyuma ya kochi, na mimi ndiye niliyetumwa nimwakilishe. Nilipaswa kusema jina lake. Neno moja tu! Nikasimama. Nikasimama polepole, nimeshika goti. Mwenyekiti akasema, "Pole Mama Rispa, hatukujua," akaniandika. Wapo waliotazamana, lakini wewe ndiye mchoraji na mimi ni shangazi yako, nani angesema?

Goti halikuwa na neno, Celine. Siku ile nilitembea kwa miguu kutoka Ziwani.

Halafu, kwa mkono huo huo, nikaingia kwenye sufuria kumchotea Mama Kweyu. Ikatoka orofa ya nne.

Kwa nini nilifanya hivyo nimejiuliza hadi nimechoka. Tangu mume wangu alipotuacha naogopa nyumba yenye kimya. Nilipofikiria kukaa kule juu peke yangu, nisikie upepo tu, moyo wangu ulikataa. Nilitaka kelele za mfereji. Nilitaka kuona nani anaingia na nani anatoka. Ndilo hasa alilolitaka yeye, na alilisema kwanza, mbele ya watu.

Jumamosi ya kuhamia, Kweyu na vijana walimbeba mama kwenye kiti cha plastiki huku kwaya ikiimba. Kila orofa alipunga mkono na kusalimia watu kwa majina. Alipofika juu akauliza, "Sasa nitashuka na nini?" Watu wakacheka, hata yeye. Hajashuka tangu siku hiyo. Wamemfungia kikapu kwa kamba, anateremsha pesa anapandisha sukuma wiki.

Jioni tukikaa jikoni na maharagwe yetu, tunasikia sauti kutoka juu: "Rispa! Nani amekuja?" Nami natoka nje, naangalia juu, namtajia. Javan amerudi. Wale wa Mwanzia wanatoka kwenda mazoezi. Kila jioni hivyo. Natazama kwa macho yake, kwenye dirisha lake, na ananishukuru.

Kweyu ameacha kunisalimia kwa mkono. Anasema "Shikamoo" akipita tu.

Sasa umejua. Usinionee huruma, na usimwambie Okinyi.

Rispa


Delft
23 Novemba 2025

Waya wangu,

Leo naruka salamu, utanisamehe.

Usijibebeshe hili peke yako. Lile neno la magoti nilikupa mimi. Soma barua yangu ya Mei. Niliandika kwamba nyumba ni ya asiyeweza ngazi, na mstari uliofuata nikakuuliza magoti. Nilijua nilichokuwa nafanya. Kichwa kilisema ni ya Mama Kweyu, lakini nilipolichora lile dirisha mara ya mwisho nilikuona wewe umeketi hapo. Niliacha jina wazi ili achaguliwe mmoja na isionekane mimi ndiye niliyechagua. Nikaita hiyo haki.

Nimempigia Kweyu nikamwambia mteremko niliuondoa mimi na sikuwahi kumwambia mama yake. Kisha akasema, "Sawa Celine, asante kwa kuniambia," na hiyo "asante" sijaweza kuimeza hadi leo. Habari yako sikumwambia. Hiyo si yangu.

Nimemwandikia Mama Kweyu pia, mwishowe nimepita "Hujambo". Na nimepeleka kwa kamati ramani mpya. Duka moja likiondolewa, panapatikana nafasi ya mteremko hadi orofa ya kwanza, na mtu mmoja wa orofa hiyo itabidi abadilishane nyumba na Mama Kweyu. Ni kidogo, najua. Kamati imejibu kwamba watalijadili mwaka ujao.

Sina mdomo wa kukwambia uhame. Nakwambia tu kwamba siku hizi nikichora nyumba ya watu wengi, penseli inasimama kila ninapofika kwenye ngazi.

Celine


Reli Ndogo
18 Januari 2026

Celine nyathina,

Heri ya mwaka mpya. Okinyi alikula Krismasi hapa, akala na ya siku iliyofuata. Mapacha wameota meno.

Nimeshahama. Nilipanda kwa Mama Kweyu asubuhi moja nikiwa nimepanga maneno yote tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamkuta ameketi kitandani, amevaa ile sweta yake iliyokosa kifungo. Maneno yakanikimbia. Nikasema tu, "Mama Kweyu, tubadilishane nyumba. Mimi nataka hewa ya juu." Akanitazama sana. Akauliza, "Na magoti?" Nikasema, "Yamepona." Akasema, "Haya basi, Mungu asifiwe."

Sasa sikiliza balaa. Kamati ilitaka sababu, nikawaambia vile vile, magoti yamepona. Mwenyekiti ni mzee wa kanisa. Jumapili nikaitwa mbele, kanisa zima likasimama kushukuru kwa uponyaji wangu, wengine kwa machozi. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini hiyo ilikuwa ya aina yake.

Kweyu na vijana walimteremsha mama kwa kiti kile kile. Safari hii kwaya haikuwapo na hakuna aliyecheka. Nilimfungulia mlango mimi. Akaomba asogezwe dirishani, akaweka mkono kwenye kizingiti, akauacha hapo. Nilimletea ile nyumba ya katoni nikaiweka mezani kwake. Kifungo chekundu bado kiko, gundi yako ni nzuri. Kweyu alinisalimia kwa mkono.

Ningependa kukuambia kwamba moyo wangu sasa umetulia, lakini sivyo. Huku juu kuna kimya kama nilivyoogopa. Na goti, Celine, goti la kulia, lile lile nililolishika siku ya kura, limeanza kuuma kweli. Ni hizi ngazi. Nikifika orofa ya tatu nasimama nikijifanya naongea na mke wa Javan. Siwezi kumwambia mtu, maana kanisa lilishashukuru.

Juzi nilikuwa natoka sokoni Jericho na kikapu kizito. Mama Kweyu alikuwa dirishani kama kawaida. Hajawahi kuniuliza lolote kuhusu ile siku ya kura, na mimi sijawahi kumweleza. Nilimsalimia nikapita. Nilipofika katikati ya ngazi za kwanza nikakamata ukuta nipumue, nikidhani sionekani. Nikasikia sauti yake: "Nani huyo anapanda?"

Nikasema, "Ni mimi, Rispa."

"Pole na magoti, Rispa," akasema. "Panda polepole. Nimekuona."

Rudi nyumbani ukimaliza masomo, ukaisumbue kamati mwenyewe. Uchore mteremko upya, na usiishie orofa ya kwanza. Na wakikuuliza ni wa nani, taja mtu yeyote umpendaye, lakini magoti usiyataje.

Waya wako,
Rispa